Vitabu Vyepesi na Kiingereza Kigumu cha Sekondari

Mwaka 1996 mtafiti wa Hong Kong, Wai-king Tsang, alichapisha matokeo ambayo kila mwalimu wa Kiingereza wa sekondari angestahili kuyajua. Alichukua wanafunzi 144 wa vidato vinne, wote wasemaji wa Kikantoni nyumbani, akawagawa makundi matatu. Vipindi vyao vya kawaida vya Kiingereza viliendelea kama zamani, ila kwa wiki 24 kila kundi liliongezewa kazi yake. La kwanza lilipewa mazoezi ya hisabati, lipate kuwa la kulinganishia. La pili lilipewa vitabu vinane vya hadithi vilivyoandikwa kwa Kiingereza chepesi. La tatu liliandika insha nane za ziada. Mwanzoni na mwishoni wote waliandika insha, zikasahihishwa na kulinganishwa.

Mtu angetegemea walioandika sana ndio waandike vizuri. Haikuwa hivyo. Kundi lililopiga hatua ya kuonekana katika vipimo ni lile lililosoma hadithi. Insha zao zilikuwa na jambo la kusema, na matumizi yao ya lugha yalikuwa yamenyooka kuliko mwanzo. Wale wa insha za ziada, pamoja na jasho lao lote, hawakusogea kiasi cha kumshawishi mtu wa takwimu.

Utafiti huu unagusa desturi tuliyoizoea katika shule zetu za Tanzania. Mtoto akiandika Kiingereza kibovu, tunamwandikisha zaidi. Akichanganya nyakati za vitenzi, tunamrudisha kwenye jedwali la nyakati, anakariri, anafanya zoezi, anapata alama zake, na kesho yake anakosea palepale. Mwalimu hulalamika kwamba kizazi hiki hakina bidii, na mzazi hulipa tuisheni. Wachache husimama kuuliza: huyu mtoto, tangu aanze sekondari, amewahi kusoma kurasa ngapi za Kiingereza alichokielewa?

Ninasema alichokielewa kwa makusudi, maana kurasa alizozipitia ni nyingi: za bayolojia, za jiografia, za historia. Amezinakili na kuzikariri. Kuzielewa ni habari nyingine, na hilo tunalijua kwa ushahidi. Mwaka 1984 wataalamu wawili wa Uingereza, Clive Criper na William Dodd, waliwapima wanafunzi wa Tanzania tangu sekondari hadi chuo kikuu. Walikuta kwamba ni kama asilimia 10 tu ya wanafunzi wa kidato cha nne waliokuwa wamefikia kiwango ambacho kufundishwa kwa Kiingereza kungeweza kuanza. Kuanza, na hawa walikuwa wamekaribia kumaliza. Kwa upande wa chuo kikuu, chini ya asilimia 20 ya waliopimwa wangeweza kusoma kwa urahisi hata vile vitabu vyepesi zaidi vya masomo yao.

Ripoti ile ilizua mjadala mkubwa, kwa sababu waandishi wake, baada ya kuona yote hayo, bado walipendekeza Kiingereza kiendelee kuwa lugha ya kufundishia. Watafiti Martha Qorro na Zaline Roy-Campbell wameandika kwa uchungu na kwa hoja kuhusu uamuzi huo. Mimi niko upande wao: mtoto hujifunza sayansi vizuri kwa lugha anayoitumia kufikiri. Lakini mtoto aliyeingia kidato cha kwanza Januari hii hawezi kusubiri mjadala uishe, na yale tunayoyajua kuhusu namna lugha ngeni inavyoingia kichwani yanaweza kumsaidia wiki hii. Hata mradi uliofuata ripoti ile, ulioanza mwaka 1987 kwa fedha za Uingereza, ulikuwa na wazo moja zuri ndani yake: kupeleka sekondari vitabu vya hadithi vya Kiingereza chepesi. Waliosoma wakati ule na baada yake watakumbuka Hawa the Bus Driver na Mabala the Farmer, vya Richard Mabala. Wengi wanakumbuka hadithi zenyewe mpaka leo, na wamekwisha sahau kila kitu kuhusu zoezi la kubadili sentensi kutoka kauli ya kutenda kwenda ya kutendwa.

Njia hiyo inaitwa kusoma kwa mapana. Mwanafunzi anasoma vitabu vingi, vilivyo vyepesi kwake, alivyovichagua mwenyewe, akitaka kujua hadithi inakwenda wapi. Hakuna maswali kumi yanayomsubiri ukurasa wa mwisho, wala haandiki kila neno jipya daftarini. Akiona kitabu kinamchosha, anakirudisha na kuchukua kingine. Wazo hili si geni. Harold Palmer, Mwingereza aliyefanya kazi miaka mingi Japani, alilitofautisha na kusoma kwa kina zaidi ya miaka 100 iliyopita. Michael West, aliyekuwa akifundisha Bengal miaka ya 1920, alianza kuandika upya vitabu kwa msamiati uliopimwa, ili mtoto aweze kumaliza kitabu kizima cha Kiingereza badala ya kuchambua aya moja mwezi mzima. Mwaka 1953 alitoa orodha yake mashuhuri ya maneno 2,000 hivi yanayotumika zaidi katika Kiingereza. Vitabu vyepesi vya leo, vyenye ngazi za maneno 400, 700, 1,000 na kuendelea, vimetokana na kazi ya aina hiyo.

Ushahidi uliowafanya watu wasikilize ulitoka visiwa vya Fiji. Mwaka 1980 Warwick Elley wa New Zealand na Francis Mangubhai wa Fiji walichagua shule 12 za vijijini. Watoto walikuwa wa darasa la nne na la tano. Nyumbani walisema Kifiji au Kihindi cha Fiji, na Kiingereza walikisikia shuleni tu, kwa mwalimu ambaye naye hakuzaliwa nacho. Somo lenyewe lilikuwa la kuimba sentensi: mwalimu anatamka muundo, darasa zima linaurudia, anabadilisha neno moja, wanaurudia tena. Katika shule nane, Elley na Mangubhai walipeleka vitabu 250 vya hadithi zenye picha kwa kila darasa. Baadhi ya madarasa yalisoma pamoja na mwalimu, akiwaonyesha picha na kuzungumza nao kuhusu hadithi; mengine yalipewa dakika 20 hadi 30 kila siku, kila mtoto na kitabu chake, kimya. Shule nne ziliendelea na mtindo wa zamani.

Baada ya miezi minane, watoto waliopata vitabu walikuwa wakisonga mbele katika kusoma na katika kusikiliza kwa kasi mara mbili ya kawaida. Hapo tu pangetosha. Lakini watafiti walirudi tena baada ya miezi 20, wakakuta faida imekua na imeenea hata kwenye kuandika na sarufi, mambo ambayo madarasa yale hayakuwa yameyafundisha kwa namna ya pekee. Watoto waliokaririshwa miundo ya sentensi kila siku walizidiwa katika miundo ileile na wenzao waliokuwa wakisoma hadithi.

Sababu yake iko katika namna macho na kumbukumbu vinavyofanya kazi. Tunaposoma, macho hayatelezi juu ya mstari kama tunavyodhani. Yanaruka, yanatua kama robo ya sekunde, yanaruka tena. Katika kila mtuo, msomaji hodari analitambua neno papo hapo, bila kuamua kulitambua, kama unavyotambua sura ya ndugu yako sokoni kabla hujajiuliza ni nani. Utambuzi huo wa papo kwa papo ndio unaoacha nafasi kichwani kwa ajili ya maana. Mwaka 1974 wanasaikolojia wawili wa Marekani, David LaBerge na Jay Samuels, waliueleza vizuri: uangalifu wa mtu una kipimo chake, na anayeutumia wote kufumbua maneno hana wa kubaki nao kwa ajili ya kuelewa. Anafika neno la tisa akiwa amelipoteza la kwanza. Anarudi mwanzo wa sentensi, anaanza tena, anachoka. Mwalimu anayemwona anadhani hana akili.

Mtoto wetu ana mzigo mwingine juu ya huo. Amejifunza kusoma kwa Kiswahili, ambacho kinaandikwa kama kinavyotamkwa. Ukishajua silabi zako, hakuna neno litakalokushinda kulitamka. Kiingereza hakimpi heshima hiyo. Maneno kama though, through na enough yana herufi zinazofanana na sauti tatu tofauti, na hakuna kanuni moja itakayomwokoa. Dawa yake ni kukutana nayo mara nyingi, ndani ya sentensi zenye maana, mpaka kila moja liwe na sura yake. Mara nyingi hizo hazipatikani kwenye kitabu cha kiada, chenye kurasa chache zilizojaa maneno ambayo hayatarudi tena mpaka mtihani.

Sasa tuje kwenye wepesi, maana ndipo watu wengi wanapopinga. Mwalimu atasema: nikimpa kitabu chepesi atajifunza nini, si maneno yote anayajua? Mwaka 2000 Marcella Hu na Paul Nation, wakiwa New Zealand, walilipima jambo hili kwa ujanja. Walichukua hadithi na kubadilisha baadhi ya maneno yake kuwa maneno ya kubuni, yasiyojulikana na mtu yeyote, kwa viwango tofauti, kisha wakaona nani bado anaielewa. Pale msomaji alipojua asilimia 80 ya maneno ya ukurasa, hakuna hata mmoja aliyeelewa vya kutosha. Kwa asilimia 90 na 95 ni wachache waliofanikiwa. Makadirio yao yalikuwa kwamba, ili wasomaji walio wengi wasome peke yao wakaelewa, inabidi wajue kama asilimia 98 ya maneno yaliyo mbele yao.

Tuliweke hili kwenye ukurasa halisi. Chukua ukurasa wa maneno 250. Kwa asilimia 98, kuna maneno matano asiyoyajua. Anaweza kuyakisia kutokana na yanayoyazunguka, na hadithi inaendelea. Kwa asilimia 95 yanakuwa 12 au 13, na anaanza kukwama. Kwa asilimia 80 yanakuwa 50. Maneno 50 kwenye ukurasa mmoja! Huyo hasomi tena. Anatafuta kwenye kamusi mpaka ahisi amechoka, kisha ananakili alichoandika mwalimu ubaoni. Fungua kitabu cha bayolojia cha kidato cha kwanza, umpe mtoto aliyetoka shule ya msingi ya Kiswahili akupigie mstari chini ya kila neno asilolijua kwenye ukurasa mmoja. Hesabu mwenyewe. Ninaamini wazazi wengi wangelifanya zoezi hili, wangeacha kuwaita watoto wao wavivu.

Hapo pia utaona kwa nini mtu mwenye maneno asilimia 98 anajifunza, na mwenye asilimia 80 hajifunzi. Mwaka 1978 watafiti watatu, Paul Nation akiwa mmoja wao, waliwapa watu wazima wasemaji wa Kiingereza riwaya ya Anthony Burgess, A Clockwork Orange. Riwaya hiyo ina maneno kama 240 ya lugha ya vijana ambayo mwandishi aliyabuni, mengi yake kwa kuyachukua kutoka Kirusi. Wasomaji hawakupewa orodha ya maana, wala hawakuambiwa kwamba kuna mtihani. Walipomaliza wakashtukizwa na jaribio la maneno 90. Kwa wastani walipata asilimia 76. Hawakuwa wamekariri chochote. Walikuwa wakifuatilia hadithi, na maneno yaliyorudi mara nyingi yakaingia yenyewe. Yaliweza kuingia kwa sababu maneno mengine yote yaliyoyazunguka walikuwa wanayajua.

Mwanafunzi wa lugha ngeni hapati bahati hiyo kwa ukubwa uleule. Rob Waring na Misako Takaki waliwapa wanafunzi 15 wa Kijapani kitabu kimoja chepesi, kisha wakawapima kwa maneno 25 yaliyokuwamo. Mara tu baada ya kusoma, kwa wastani waliweza kutoa maana ya maneno manne au matano. Miezi mitatu baadaye walibaki na moja, au hata pungufu. Kuna watu wanaousoma utafiti huu kama ushahidi kwamba kusoma hakufai. Mimi nauona kama maelezo ya dozi. Kitabu kimoja kwa muhula, kinachosomwa kwa zamu na darasa zima mpaka kiishe hamu, hakiwezi kufanya kazi kwa sababu kumbukumbu inavuja haraka kuliko kitabu kinavyojaza. Neno linahitaji kurudi kabla halijasahaulika. Nation na Karen Wang waliohesabu marudio ya maneno katika vitabu vyepesi walifikia ushauri ulio wazi: soma kama kitabu kimoja kwa wiki, na usipande ngazi mpaka umesoma vitabu kadhaa vya ngazi uliyopo.

Kitabu kwa wiki kinasikika kikubwa kwa mtoto wa kidato cha kwanza, lakini hebu tufanye hesabu. Kitabu cha ngazi ya maneno 400 kina kama maneno 5,000 au 6,000 kwa jumla. Mwanafunzi anayesoma polepole, maneno 100 kwa dakika, akisoma dakika 15 kwa siku, anapita maneno 1,500. Kwa siku nne amekimaliza. Kwa mwaka wa shule wa siku 190 hivi, dakika zake 15 zinakuwa maneno 285,000, yaani vitabu vidogo 50. Linganisha na kiasi cha Kiingereza chenye kueleweka anachokisoma sasa. Dakika 15 ni pungufu ya nusu ya kipindi. Shule yoyote inaweza kuzipata baada ya mstari wa asubuhi, bila kumnyang'anya mwalimu wa hisabati chochote.

Kuna kizuizi ambacho takwimu hazikioni: aibu. Kijana wa miaka 15, sauti imeanza kuwa nzito, hataki kuonekana na kitabu chenye picha na maneno 400. Mwalimu naye huona anamshushia hadhi. Lakini angalia kilichotokea kwa mwalimu Beniko Mason huko Osaka, Japani. Darasa lake lilikuwa la wanafunzi wa chuo kikuu walioshindwa Kiingereza na kulazimika kurudia, watu wazima waliokwisha kukata tamaa na lugha yenyewe. Aliwapa vitabu vyepesi wasome kwa wingi, na waandike maelezo mafupi ya walichosoma. Walianza wakiwa nyuma sana ya wenzao wa darasa la kawaida. Kwa muhula mmoja walikuwa karibu wamewafikia, na baadhi yao waliokuwa wakichukia Kiingereza wakageuka wasomaji. Matokeo hayo aliyachapisha mwaka 1997 pamoja na Stephen Krashen. Hao hawakushushiwa hadhi na vitabu vyepesi. Kilichokuwa kimewashushia hadhi ni miaka ya kupewa vigumu.

Nisije nikamfanya msomaji adhani hii ni dawa ya kila ugonjwa. Takayuki Nakanishi alikusanya tafiti 34 zenye washiriki karibu 4,000, akaonyesha mwaka 2015 kwamba kusoma kwa mapana kunasaidia kwa kiasi cha wastani, na kwamba faida huelekea kuwa kubwa zaidi pale programu inapodumu mwaka mzima au zaidi. Nchini Marekani, jopo la kitaifa lililopitia tafiti za kusoma mwaka 2000 halikupata ushahidi wa kutosha kwamba kuwaambia tu watoto wakae kimya na kitabu, bila msaada mwingine, kunainua usomaji wao. Na karibu nasi, nchini Malawi, Eddie Williams alichunguza programu iliyopeleka vitabu vya Kiingereza katika shule za msingi na semina fupi kwa walimu. Miaka kadhaa baadaye hakukuwa na maendeleo ya kuonyesha.

Ripoti ya Malawi ndiyo ningependa isomwe na kila anayeandika ombi la msaada wa vitabu. Williams alitaja sababu za utekelezaji mbovu, lakini akaenda mbali zaidi: Kiingereza cha watoto wale kilikuwa chini sana kiasi kwamba vitabu vyenyewe vilikuwa juu yao, na walimu wengi nao hawakuwa na Kiingereza cha kutosha wala madarasa yenye nafasi ya kazi hiyo. Kwa maneno mengine, ile sheria ya asilimia 98 ilivunjwa tangu siku masanduku yalipofunguliwa. Kitabu cha hadithi kisichoeleweka hakina tofauti na kitabu cha fizikia kisichoeleweka.

Utekelezaji mbovu tunaufahamu sote. Ukitembelea shule nyingi za sekondari za kata, utaonyeshwa kabati. Lina kufuli. Ndani yake kuna vitabu vizuri, vingine bado vinanukia wino, vimegongwa mhuri wa shule na kuandikwa kwenye leja. Mwalimu anayevitunza si mtu mbaya. Siku mkaguzi akija na hesabu haifiki, yeye ndiye atakayejibu. Mfumo wetu unamwadhibu kwa kitabu kilichopotea na haumuulizi lolote kuhusu kitabu ambacho hakijawahi kusomwa. Mpaka hilo ligeuke, kila mchango wa vitabu utaishia kwenye leja. Ofisa elimu anaweza kuligeuza kwa waraka mmoja, unaoruhusu sehemu fulani ya vitabu vya hadithi kuchakaa na kupotea kila mwaka bila mtu kulaumiwa, na unaomtaka mkuu wa shule aonyeshe daftari la kuazima badala ya rafu iliyojaa.

Kosa la pili ni kugeuza kusoma kuwa mtihani. Hong Kong yenyewe, iliyoanzisha mpango wa kusoma kwa mapana sekondari mwanzoni mwa miaka ya 1990, ilikosolewa baadaye kwa kuwaacha wanafunzi wasome kila mtu peke yake bila kuzungumza na wenzao, kisha wajaze karatasi za maswali. Mtoto akishajua kwamba kila hadithi ina karatasi yake, atasoma karatasi kwanza na kutafuta majibu. Afadhali mwalimu aulize swali moja tu, lile ambalo angemuuliza rafiki yake: kizuri? Kisha amwache huyo aliyekipenda amsimulie jirani yake wa dawati, hata kwa Kiswahili. Na mwalimu mwenyewe asome wakati wao wanasoma, asisahihishe madaftari. Wanafunzi wanaona.

Hata kwa Kiswahili, nimesema, na hapo nina imani kubwa. Kizazi kilichokulia na Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, na riwaya za kipelelezi za Elvis Musiba na Ben Mtobwa, hakikulazimishwa na mtu kusoma. Vitabu vile viliazimwa mpaka majalada yakatoka. Waliovisoma walijifunza kukisia, kusubiri, kushika wahusika wengi kichwani kwa wakati mmoja, na kuvumilia ukurasa mgumu kwa sababu ya ule unaofuata. Jim Cummins wa Kanada alieleza tangu mwaka 1979 kwamba ustadi wa aina hii hujengwa katika lugha moja na kutumika katika nyingine. Mtoto asiyewahi kumaliza kitabu cha Kiswahili anaombwa mambo mawili kwa mpigo: ajifunze Kiingereza na ajifunze kuwa msomaji. Mpeni kwanza hadithi tamu za lugha yake, na msimnyime za Kiingereza kwa kusubiri ahitimu.

Kuhusu upatikanaji, hali ni nzuri kuliko ilivyokuwa. African Storybook, mradi ulioanzia Afrika Kusini, umeweka mtandaoni hadithi nyingi fupi za Kiafrika zenye picha, kwa ngazi tofauti, kwa Kiingereza, Kiswahili na lugha nyingine nyingi za bara hili. Ni bure kusoma, kupakua na kuchapisha. Hadithi moja ikiwapo kwa Kiswahili na Kiingereza, mtoto anaweza kuisoma kwanza kwa lugha anayoijua, halafu akaingia kwenye Kiingereza akiwa tayari anajua nani kafanya nini, na asilimia zile 98 zinakaribia zaidi. Shule yenye kompyuta moja na mashine ya kuchapia inaweza kuanza na hizo. Hadithi zake nyingi zimeandikwa kwa watoto wadogo, na kijana wa kidato cha tatu atazichoka mapema. Kwake zinahitajika zile za Mabala na wenzake, hadithi za mapenzi, mpira, wizi na safari za mjini. Wachapishaji wetu wa Dar es Salaam na Nairobi wana soko hapo, wakikubali kuajiri waandishi wanaojua kuandika kwa maneno 700 bila kuandika kitoto. Ni kazi ngumu ya uandishi kuliko watu wanavyodhani, na inastahili kulipwa vizuri.

Wewe mzazi ambaye mwanao anamaliza darasa la saba, una nafasi ambayo wengine hawana. Mtihani unafanyika Septemba, na kidato cha kwanza kinaanza Januari. Miezi hiyo wengi huwapeleka watoto tuisheni ya kujiandaa, wakafundishwe mapema yaleyale watakayofundishwa tena. Kabla hujalipa ada hiyo, nunua au azima vitabu vinne au vitano vya ngazi ya chini kabisa, utafute jirani mwenye mtoto wa umri huohuo naye afanye hivyohivyo, mbadilishane. Mpime kwa ukurasa mmoja: akikwama kwa maneno zaidi ya matano au sita, mtafutie kilicho chepesi zaidi. Mwache achague, mwache akiache kisichomvutia, na usimtungie maswali. Wiki 15 zinatosha vitabu 15, na mtoto aliyemaliza vitabu 15 vya Kiingereza anaingia kidato cha kwanza akiwa tayari anaijua sura ya lugha atakayofundishiwa.